Sura ya Nne: Ngoma ya Alfajiri

Risasi ilipita chini kidogo ya moyo, ikatokea mgongoni, ikakwama kwenye mbao za baraza. Hayo ni maelezo ya William Bonny, Mwingereza wa pekee aliyekuwapo kambini Banalia asubuhi ya tarehe 19 Julai 1888, aliyeuokota mwili wa mkubwa wake na kuuzika. Mwandishi wa riwaya za upelelezi angeridhika kabisa na mbao zile. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla angeziinamia na kiko chake mdomoni, akalitazama tundu la risasi, akageuka kuutazama ukuta wa nyumba ya pili, akapima kwa jicho mstari wa kutoka huku hadi kule, kisha akamwambia mwenzake Najum neno moja la kumchanganya. Kufikia sura ya tatu msomaji angekwisha kujua kwamba bunduki ilipenyezwa katika upenyo wa ukuta, na kwamba aliyeishika alikuwa ndani, gizani, akimwona vizuri mtu aliyesimama nje.

Ajabu ya kisa cha Banalia ni kwamba hayo yote yalijulikana siku ileile. Aliyefyatua alijulikana kwa jina: Sanga, mnyapara wa Kimanyema. Sababu ilijulikana: mkewe alikuwa akipiga ngoma, na Mzungu alimwendea na bastola. Kabla mwezi haujapita Sanga alikwisha kukamatwa, kushtakiwa na kuuawa. Ingekuwa riwaya, ingeishia ukurasa wa ishirini. Lakini miaka miwili baadaye wakubwa wa London walikuwa bado wanagombana magazetini juu ya nani hasa alimuua Meja Edmund Barttelot, na kila aliyeshika kalamu alikuwa na mtu wa kumsingizia.

Banalia ya leo ni makao makuu ya wilaya inayoitwa kwa jina hilohilo katika jimbo la Tshopo, kaskazini ya Kisangani, kwenye barabara ya kwenda Buta. Barabara inakutana na mto Aruwimi, na mto huo ukiufuata kwenda juu jina lake linageuka kuwa Ituri. Maji yake ni ya rangi ya chai ya rangi, na msitu unashuka mpaka ukingoni. Mwaka 1888 hapakuwa na barabara wala ofisi ya serikali. Palikuwa na kijiji kikubwa ambacho watu wa Tippu Tip walikiteka wakakigeuza kituo cha pembe za ndovu. Kukielewa kituo hicho inatupasa turudi nyuma, tushuke mpaka mji uliokiweka mfukoni, na mji uliouweka mji huo mfukoni.

Mji wa kwanza ndio huu tunaouita Kisangani. Stanley, msafiri aliyekuja kuwa mkubwa wa Barttelot, aliacha kituo pale kwenye maporomoko mwezi Desemba 1883, kikaitwa kwa jina lake, Stanley Falls. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu kutoka Nyangwe na Kasongo walikwisha kufika na bunduki zao. Kwa miaka miwili na ushei pande hizo mbili ziliishi kama mapaka mawili katika jiko moja. Agosti 1886 mwanamke mmoja alimtoroka bwana wake akakimbilia kituoni. Ofisa wa kituo, Mwingereza Walter Deane aliyekuwa katika utumishi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akakataa kumrudisha. Mapigano yakazuka, kituo kikachomwa moto, Deane akakimbilia msituni kunusuru roho yake.

Sasa sikiliza lililofuata. Hata mwaka haukwisha. Tarehe 24 Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley aliketi na Hamed bin Muhammed el Murjebi, huyo Tippu Tip mwenyewe, wakatia sahihi mkataba mbele ya balozi mdogo wa Uingereza. Kwa mkataba huo Tippu Tip alifanywa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kazi yake: kupandisha bendera ya Dola Huru ya Kongo, dola ya Leopold, na kuzuia biashara ya watumwa. Aliachiwa pia aendelee na biashara yake binafsi, maana yake pembe. Tajiri aliyekuwa na jeshi kubwa la watumwa na wawindaji wa watumwa kuliko yeyote katika Kongo ya mashariki akalipwa na mfalme wa Ulaya ili auzuie utumwa. Fisi kakabidhiwa bucha na mshahara juu.

Mji wa pili ni Zanzibar yenyewe. Mtu akisoma barua za wakati ule anaona jinsi kila uzi ulivyokuwa umefungwa pale. Fedha za misafara ya Tippu Tip zilitoka kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kukodi forodha yote ya Sultani. Wapagazi wa Stanley waliandikwa palepale, wengine wakiwa watumwa ambao mabwana wao walipokea sehemu ya mshahara. Manowari za Uingereza zilizunguka baharini zikiwinda majahazi ya watumwa, na Mwingereza aliyekwenda bara kwa jina la utu na ustaarabu alikodi watu wale walewale mjini bila mtu kukohoa. Yeyote anayetaka kuandika riwaya ya kihistoria ya mauaji na rushwa katika mji wa karne ya 19 asihangaike kwenda London yenye ukungu. Mji Mkongwe upo, na vichochoro vyake vinatosha.

Stanley alikuwa na haraka. Alikuwa akienda kumwokoa Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta na aliyezingirwa na majeshi ya Mahdi kutoka Sudani. Tarehe 25 Februari, siku moja tu baada ya mkataba, meli Madura iling'oa nanga na watu wapatao 700, pamoja na Tippu Tip, wake zake na watu wake. Walizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakashuka Banana kwenye mlango wa mto Kongo tarehe 18 Machi, wakaanza kupanda mto. Mwezi Juni wakafika Yambuya kwenye Aruwimi, chini ya maporomoko. Hapo Stanley akaukata msafara vipande viwili. Tarehe 28 Juni 1887 akaingia msituni na watu 389 aliowaona wenye nguvu. Waliobaki, zaidi ya 250, wengi wao wagonjwa na wadhaifu, akawaacha chini ya Meja Barttelot, kijana wa miaka 28 kutoka jeshi la Uingereza. Wawasubiri wapagazi 600 walioahidiwa na Tippu Tip, kisha wafuate na shehena.

Wapagazi hawakuja.

Hapa ndipo kila shahidi anapoanza kuzungumza lugha yake. Stanley alisema Tippu Tip alivunja ahadi kwa makusudi. Tippu Tip, katika kumbukumbu za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili mwenyewe uzeeni na ambazo Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha, alisema Stanley ndiye mvunja ahadi: baruti na fataki alizoahidi kuwapa wapagazi hazikutolewa, na mtu haingii katika msitu wa watu wenye mishale ya sumu na bunduki tupu begani. Kumbukumbu hizo ni za mzee mjanja aliyejua atasomwa, na zinastahili kusomwa kwa jicho moja wazi na jingine limefumba. Hata hivyo katika jambo la baruti mimi namwamini zaidi yeye kuliko Stanley. Mfanyabiashara wa miaka thelathini hasahau nani alitakiwa kulipa nini.

Miezi ikapita. Yambuya watu wakaanza kufa. Ukisoma vitabu vya Wazungu utakutana na homa, vidonda, "udhaifu wa mwili". Ukisoma walichomweleza Stanley Wazanzibari wenyewe baadaye utakutana na muhogo. Ule wa Aruwimi ni muhogo mchungu. Mwanamke wa kijiji cha huko huumenya, akauloweka majini siku kadhaa mpaka ulainike na sumu itoke, akaukausha ndipo akautwanga. Wapagazi wa Yambuya walikuwa wakikata kuni na kujenga ngome tangu asubuhi hadi jioni, na muda wa kuloweka hawakupewa. Walichimba, wakachoma juu kwa juu, wakala. Mtu mwenye njaa hawezi kuuambia muhogo usubiri siku nne. Wakavimba tumbo, wakakonda, wakazikwa mmojammoja nje ya boma. Ndani ya boma, katika maghala, kulikuwa na chakula cha Ulaya kilichofungwa kwa ajili ya maofisa, na nidhamu ya mjeledi ya kukilinda.

Mjeledi ule ulichapa sana. Askari Msudani aliyeiba nyama na kutoroka alipigwa risasi mbele ya wenzake. Kijana mmoja aliyekuwa mtumishi wa Barttelot, akaiba bastola yake na kukimbia, alichapwa viboko 300, akafa. Haya yameandikwa na Wazungu wenyewe katika shajara zao, na waliyaandika bila kuona haya sana. Barttelot hakujua Kiswahili cha kuendesha watu, wala hakutaka kujifunza. Alizungumza na Wazanzibari, Wasudani na Wamanyema kupitia wakalimani na kupitia fimbo yake. Mtu wa namna hiyo akikaa miezi kumi na moja bila barua kutoka kwa mkubwa wake, akizungukwa na watu wanaomcheka kwa lugha asiyoielewa, akili yake inabaki wapi?

Wakati huohuo James Sligo Jameson, mtoto wa ukoo wa watengeneza wiski wa Ireland, alitumwa Kasongo kumsukuma Tippu Tip. Jameson alikuwa mwindaji na mchora picha za ndege na wanyama, na alikuwa amechangia pauni 1,000 ili akubaliwe kwenye msafara. Njiani, mwezi Mei 1888, pale Riba-Riba kwenye Lualaba, lilitokea jambo ambalo lingeichafua familia yake kwa vizazi. Mkalimani Assad Farran, Msiria, alitoa baadaye taarifa ya kiapo kwamba Jameson alitoa leso ili aone kama ni kweli watu wanaliwa, msichana mdogo akaletwa, akauawa, akakatwa vipande mbele yake, naye Jameson akachora. Jameson mwenyewe aliandika kwamba alidhani ni mzaha, na kwamba alichora baadaye, msichana akiwa amekwisha kufa. Hakukana leso, hakukana msichana, hakukana michoro. Alichobishia ni saa tu ya kushika penseli.

Ninaposoma utetezi ule huwa naufunga ukurasa kidogo kabla ya kuendelea.

Hatimaye Tippu Tip alitoa watu, wachache kuliko alioahidi, chini ya mkubwa mmoja aitwaye Muni Somai. Muni Somai aliahidiwa pauni 1,000 kwa kuwasimamia Wamanyema, kiasi kilekile ambacho Jameson alilipa ili aingie. Wali mwenyewe alikuja Yambuya, akaitazama mizigo, akasema ni mizito mno, ikabidi ifunguliwe na kupunguzwa. Tarehe 11 Juni 1888 msafara wa nyuma ukaondoka. Ulikwenda kama treni iliyokatika mabehewa: watu wanatoroka, mizigo inatupwa, wengine wanarudishwa nyuma kutafuta iliyopotea. Ulichukua zaidi ya mwezi kufika Banalia. Barttelot alifika siku chache tu kabla ya kufa.

Tumerudi kwenye ngoma. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 19 Julai mwanamke wa Kimanyema alianza kupiga na kuimba. Wamanyema walikuwa na desturi hiyo ya alfajiri, na kwa mtu aliyelala katika kambi yao haikuwa jambo la ajabu kuliko mwadhini. Barttelot akamtuma kijana wake aende akawanyamazishe. Ngoma haikunyamaza, sauti zikapanda, bunduki zikalia hewani. Meja akaamka, akavaa, akachukua bastola, akawaita Wasudani wamshike anayefyatua. Akawasukuma Wamanyema waliomzuia njia, akamfikia mwanamke, akamwamuru aache. Hapo ndipo Sanga, ndani ya nyumba iliyoelekeana na baraza, alipofyatua bunduki kupitia ukutani.

Kilichofuata ni mbio. Kambi ya mamia ikatawanyika kama kuku walioona mwewe. Muni Somai alikimbia na ahadi yake ya pauni 1,000. Mizigo iliporwa au kutupwa porini. Bonny aliwakuta Wasudani hawataki kusogea, akauchukua mwili na watu wachache, akauzika, kisha akaanza kukusanya mabaki. Jameson alipofika alishuka haraka Stanley Falls kutafuta wapagazi wengine na haki ya rafiki yake. Sanga alikamatwa, akahukumiwa mbele ya wali na maofisa wa Kibelgiji, akapigwa risasi mwanzoni mwa Agosti. Jameson akapanda mtumbwi kushuka mto kwenda Bangala, homa ikamshika njiani. Alikufa Bangala tarehe 17 Agosti 1888.

Siku hiyohiyo, tarehe 17 Agosti, mashua za Stanley ziliteremka Aruwimi kutoka msituni zikaikaribia Banalia. Mwandishi wa riwaya angeogopa kuandika sadfa kama hii, mhariri wake angemrudishia mswada. Stanley alikwenda mpaka Ziwa Albert akarudi kutafuta watu wake. Alimkuta Bonny langoni. Akauliza habari za maofisa wake mmojammoja. Meja? Amekufa. Jameson? Ameshuka kutafuta watu. Troup? Ameugua, amerudi kwao. Ward? Yuko Bangala. Kati ya wale zaidi ya 250 aliowaacha, waliobaki walikuwa mia moja na kidogo, na wengi wao walikuwa mifupa yenye ngozi.

Sasa nani alimuua Barttelot? Kwenye karatasi kesi imefungwa: Sanga, mume aliyemwona mtu mwenye bastola mbele ya mkewe. Lakini Stanley hakuwa radhi kesi iishe hapo, kwa sababu ikiishia hapo swali linalofuata ni nani aliwaacha watu wale Yambuya na maagizo yale. Alirudi Ulaya shujaa. Mwaka 1890 kitabu chake cha msafara kilipotoka kikawatupia marehemu lawama. Familia zao zikajibu. Ndugu yake Barttelot akachapisha shajara na barua za Meja, mjane wa Jameson akachapisha shajara ya mumewe, Troup akaandika kitabu, mwaka uliofuata Ward naye akaandika. Vitabu vitano ndani ya miaka miwili, mauaji mamoja. Stanley akajibu kwa kuyatoa magazetini mambo ya mjeledi na ya Riba-Riba, akimtumia Bonny kama shahidi. Tippu Tip naye alishtakiwa na Stanley katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza Zanzibar, akidaiwa pauni 10,000, fedha zake zikazuiwa, kisha shauri lenyewe likaachwa.

Angalia orodha ya mashahidi hao. Mmoja ana deni la heshima, mmoja ana kaka wa kumsafisha, mjane ana jina la watoto wake, Bonny ana mkubwa wa kumridhisha, wali ana fedha zilizozuiwa. Katika riwaya ya upelelezi kila mshukiwa anasema uongo kidogo, na mpelelezi anaukamata uongo kwa kitu kimoja kisichosema uongo. Abdulla alilijua hilo alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyotoka mwaka 1960 na kufungua njia ya upelelezi katika Kiswahili. Bwana Msa wake hasikilizi zaidi mdomo, anatazama mkono. Katika kisa chetu mkono ni ule wa wapagazi. Wazanzibari waliosimama mbele ya Stanley pale Banalia hawakuwa na kitabu cha kuuza. Walizungumza habari za muhogo, kuni na kuzika wenzao. Maneno yao yametufikia kwa Kiingereza cha Stanley, lakini ndani yake unasikia bado Kiswahili cha Mji Mkongwe kikihesabu siku za kuloweka ambazo hawakupewa.

Ndiyo maana naona kisa hiki kingeandikwa vizuri zaidi kwa Kiswahili kuliko kilivyoandikwa kwa lugha nyingine yoyote. Waingereza wamekitia katika tamthilia na riwaya, na baadhi ya wasomi wanamwona Barttelot nyuma ya Kurtz wa Joseph Conrad, ambaye alifika Stanley Falls kwa meli mwezi Septemba 1890, wakati Tippu Tip alikuwa amekwisha kuondoka. Katika maandishi hayo yote kambi ni giza, na ngoma ni kelele ya giza. Kwa Mswahili kambi ile haina giza. Wanyapara wanagombana juu ya baruti kwa lugha tunayoielewa, mikataba ni ya mji tunaoujua, na mtu anayepiga ngoma alfajiri ni mke wa mtu.

Anayetaka kukiandika aanze na mbao zile za baraza, amfikishe Sanga mbele ya hakimu wake, kisha amtazame hakimu. Wali aliyekaa katika hukumu ile alikuwa amepewa cheo na mkataba uleule uliowapeleka watu Yambuya, na wapagazi waliochelewa walikuwa wake. Sanga aliua mtu mmoja akalipa kwa roho yake. Watu zaidi ya mia waliopotea kati ya Yambuya na Banalia hawakupata kesi. Tippu Tip alifia nyumbani kwake Zanzibar tarehe 14 Juni 1905, na Stanley alikwisha kufa London mwaka mmoja kabla yake. Mimi ningewashtaki wote wawili, na kielelezo cha kwanza kingekuwa mkataba wa tarehe 24 Februari 1887, wenye sahihi zao.